Kamera ya Ng'ambo Ikigoma: Namna ya Kutafuta Kasoro na Kudai Waranti Ukiwa Uganda

Kamera nyingi zinazofanya kazi kwenye harusi, kwanjula (sherehe ya kujitambulisha kwa wazazi wa bibi harusi) na mahafali hapa Uganda hazikununuliwa Uganda. Zimekuja kwenye begi la ndugu kutoka London, zimeagizwa Marekani, au zimechukuliwa Dubai na mfanyabiashara aliyekwenda kuleta simu. Sioni kosa katika hilo. Mara nyingi bei huwa nafuu na chaguo ni pana. Shida huanza siku kamera inapogoma, kwa sababu maswali mawili huchanganyika: nini kimeharibika, na nani atalipa. Wengi hukimbilia la pili. Wanapiga simu ng'ambo kulalamika kabla hawajajua kama iliyokufa ni betri au ubao mkuu wa saketi za kamera. Wengine wanaipeleka kwa fundi wa kwanza aliye karibu, anafungua skrubu, na haki yote ya kudai inaweza kupotea hapohapo mezani.

Kijana aliyekopa SACCO anunue kamera hawezi kumudu hasara hiyo, na mara nyingi inaepukika. Fuata mpangilio huu: linda ushahidi, tenga kasoro, soma waranti yako, piga hesabu, kisha ndipo udai au utengeneze.

Saa ya kwanza: usifungue, usifute, usitume

Chukua simu urekodi video ya kosa likitokea. Onyesha ujumbe ulio kwenye skrini ya kamera, geuza bodi (kamera yenyewe bila lenzi) ili namba ya seriali ionekane, na usikate video katikati. Kosa linalokuja na kuondoka ndilo gumu zaidi kulithibitisha. Kituo cha huduma kikiiwasha kamera ikaitika vizuri, wataandika kwamba hawakuona tatizo, na itarudi kwako vilevile ilivyoondoka. Video ya dakika moja inaweza kuzuia hilo.

Andika pia mazingira: lenzi gani ilikuwa imefungwa, kadi gani, betri ilikuwa na chaji kiasi gani, ulikuwa unapiga picha au video, na kamera ilikuwa imewaka kwa muda gani.

Ikiwa kamera imeingia maji, ukaguzi huu hauhusiki. Toa betri mara moja, toa kadi, na usijaribu kuiwasha "kuona kama bado inafanya kazi". Umeme ukipita kwenye ubao wenye maji ndipo uharibifu mkubwa unapotokea. Mchele hausaidii, na vumbi lake huingia ndani. Iweke kwenye boksi lenye vipakiti vingi vya silika na uipeleke kwa fundi haraka. Waranti za kawaida hazilipii maji. Usidanganye kwenye dai lako, kwa sababu kutu na chumvi huonekana wazi bodi ikifunguliwa.

Kutenga kasoro

Kanuni ni moja: badilisha kitu kimoja tu kila mara. Azima kwa mwenzako bodi na lenzi ya mfumo uleule. Lenzi yako ikifanya kosa kwenye bodi yake, mgonjwa ni lenzi. Bodi yako ikikataa na lenzi yake pia, mgonjwa ni bodi. Watu wengi wametuma bodi nzima ng'ambo ilhali kilichokuwa na kasoro ni lenzi tu.

*Kamera haiwaki kabisa.* Anza na betri unayojua ni nzima, kutoka kwenye kamera nyingine. Kisha angalia mlango wa betri na mlango wa kadi. Kwenye kamera nyingi kuna kiswichi kidogo ndani ya mlango, na mlango usipokibonyeza sawasawa kamera hujiona iko wazi na haiwaki. Kipande cha plastiki kilichovunjika huko huonekana kama kifo cha kamera nzima. Betri bandia nazo ni tatizo kubwa katika soko letu: zinaonyesha chaji imejaa, halafu zinazimika ghafla flashi ikianza kazi. Baadhi ya bodi za Canon hukuuliza kwenye skrini kama betri ina nembo ya kampuni. Ukiona swali hilo kwa betri uliyouziwa kuwa halisi, umeshapata jibu.

*Kosa la kadi.* Kwenye Canon huja kama Err 02. Angalia kwanza kidude cha kufunga pembeni ya kadi ya SD, maana husogea kirahisi. Kama kuna picha za mteja, usifomati kadi hata kamera ikikuomba. Ihamishie kwenye kompyuta uokoe picha kwanza. Kisha jaribu kadi nyingine, na ile ya zamani uipime kwa programu ya H2testw au F3, ambazo huandika data hadi kadi ijae na kuisoma tena. Kadi iliyoandikwa GB 256 lakini ndani ina 32 itakubali picha kwa muda, halafu itaharibu zile zinazofuata. Kadi ya namna hiyo haina dai lolote kwa kampuni ya kamera. Dai lako liko kwa aliyekuuzia kadi.

*Kosa la mawasiliano kati ya lenzi na bodi.* Hili ndilo Err 01 ya Canon. Zima kamera, toa lenzi, tazama vidoti vya rangi ya dhahabu kwenye shingo ya lenzi na kwenye mdomo wa bodi. Vifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kilicholowa kidogo tu kwa spiriti ya isopropili. Wapo wanaotumia raba ya penseli, lakini mimi siishauri: vijivumbi vyake huangukia ndani ya bodi, vikaifikia sensa (kipande kinachonasa picha).

Kosa likirudi, fanya jaribio hili. Weka lenzi kwenye tundu lake pana kabisa (tundu ni nafasi inayopitisha mwanga), kwa mfano f/4, upige picha. Kisha weka f/11, yaani tundu dogo, upige tena. Ikikubali f/4 na kukataa f/11, kwa kawaida bodi haina lawama. Mara nyingi utepe wa umeme unaoendesha tundu ndani ya lenzi umekatika. Canon EF 24-105mm f/4L ya kwanza na EF-S 17-85mm zinajulikana sana kwa kasoro hiyo, na fundi mwenye uzoefu huubadilisha utepe huo bila kugusa bodi. Kwenye Nikon, ukiona fEE na lenzi ya zamani yenye pete ya tundu, usihangaike: zungusha pete hadi namba kubwa kabisa na uifunge hapo.

*Shata.* Err 20 na Err 30 kwenye Canon kwa kawaida zinahusu mitambo na shata, yaani pazia linalofunguka na kufunga kila unapopiga picha. Toa lenzi, na pazia likionekana utazame kwa tochi kama limekunjika au limekwama. Usiliguse kwa kidole, wala usilipulizie hewa ya kopo, kwani pazia ni jembamba mno. Bodi nyingi za kati na za juu zimekadiriwa mipigo ya shata kati ya 100,000 na 200,000. Mpiga picha wa harusi anaweza kufika huko katika miaka michache, na kamera iliyotumika uliyoletewa kama mpya inaweza kuwa tayari iko huko. Kwa hiyo uliza idadi ya mipigo ya shata kabla ya kununua.

*Picha hazijakaa kwenye fokasi.* Weka kamera kwenye stendi, lenga maandishi bapa yaliyobandikwa ukutani, tundu pana. Kwa kamera yenye kioo, piga moja kupitia dirisha la kutazamia na nyingine kupitia skrini. Ya skrini ikitoka kali na ya dirishani ikawa na ukungu, lenzi na bodi hazijapatana. Bodi nyingi za daraja la kati na la juu zina menyu ya kurekebisha hilo, kwa kawaida kutoka -20 hadi +20. Zote mbili zikiwa na ukungu, au upande mmoja wa picha ukiwa mkali na mwingine laini, lenzi imepata mtikiso au imetoka kiwandani hivyo. Kama imetoka kiwandani hivyo, inastahili dai.

*Madoa meusi.* Piga picha ya mbingu au ukuta mweupe kwa f/16, picha ikiwa nje ya fokasi. Madoa yanayokaa mahali palepale kwenye kila picha ni vumbi juu ya sensa. Kwa anayefanya kazi kwenye barabara za murramu wakati wa kiangazi hili ni jambo la kawaida, na si kasoro ya kiwanda. Anza na puto la mpira la kupuliza, bodi ikitazama chini. Kama halitoshi, mpe fundi mwenye vijiti maalumu vya sensa. Usipulize kwa mdomo, maana mate hukauka juu ya kioo cha sensa na kuacha alama ngumu kuliko vumbi.

*Ukungu ndani ya lenzi.* Pitisha mwanga wa tochi kwenye lenzi gizani. Ukiona nyuzi kama za buibui, ni kuvu. Kampala na Entebbe zina unyevu mwingi, hasa mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba, na lenzi iliyofungiwa kwenye begi la ngozi miezi miwili inaweza kupata kuvu. Waranti hailipii. Boksi la plastiki lenye mfuniko mzuri, silika na kipimo cha unyevu kisichozidi asilimia 50 vinatosha kuzuia.

Umeme wetu na vifaa vyao

Haya mawili yamepoteza pesa nyingi, kwa hiyo nayaeleza peke yake.

La kwanza ni mistari inayopita kwenye video au picha ukiwa ndani ya ukumbi. Kamera ni nzima. Umeme wa Uganda ni volti 240 na mzunguko wa 50 kwa sekunde, wakati Marekani ni volti 120 na mzunguko wa 60. Kamera iliyotoka Marekani huja imepangwa kwa mfumo wa video wa NTSC, unaoendana na umeme wa huko. Ibadilishe iwe PAL, mfumo unaoendana na umeme wetu, kwenye menyu, piga video kwa fremu 25 au 50 kwa sekunde, na weka kasi ya shata 1/50 au 1/100. Kwa taa nyingi mistari itaisha. Ikibaki kwenye taa za LED za bei rahisi, sogeza kasi ya shata kidogo kidogo hadi mistari itulie.

La pili ni flashi za studio. Chaja ya betri ya kamera kwa kawaida imeandikwa 100-240V, nayo ni salama. Unahitaji tu plagi ya pini tatu za mraba. Lakini flashi kubwa za studio na baadhi ya taa za video zilizouzwa Marekani au Japani ni za volti 120 au 100 pekee. Ukizichomeka moja kwa moja hapa, zinaungua, wakati mwingine kwa mlipuko, na waranti haitakusikiliza kwa sababu kosa ni la matumizi. Soma lebo ya nyuma kabla hujagusa soketi.

Waranti yako iko wapi hasa?

Baada ya kujua kasoro, tafuta risiti. Kamera yenyewe ni ileile dunia nzima, lakini waranti kwa kawaida ni ahadi ya tawi la kampuni katika nchi au ukanda fulani. Bodi iliyouzwa rasmi Marekani inalindwa Marekani. Nikon ya Marekani imetamka wazi kwamba haitoi huduma ya waranti kwa bidhaa zilizoingizwa na wauzaji wasio rasmi, hata kama kamera ni halisi kabisa. Maduka makubwa kama B&H ya New York yamekuwa yakiuza aina mbili za bidhaa ileile: moja yenye waranti ya kampuni, na nyingine ya bei ya chini iliyoandikwa kuwa imeingizwa, ambayo dhamana yake ni ya duka. Risiti ndiyo itakayokuambia ulinunua ipi.

Kwa zilizonunuliwa Ulaya, sheria ya Umoja wa Ulaya inampa mnunuzi wa kawaida ulinzi wa angalau miaka 2 dhidi ya muuzaji, mbali na kadi ya kampuni. Uingereza ina sheria yake ya 2015: siku 30 za kurudisha bidhaa yenye kasoro na kudai pesa, na ndani ya miezi 6 kasoro huhesabiwa ilikuwepo tangu mwanzo mpaka muuzaji athibitishe vingine. Ila haki hizo ni za yule ambaye jina lake lipo kwenye risiti. Kama dada yako ndiye aliyenunua, dai liandikwe na yeye, wewe ukimpa maneno na video. Ujumbe mfupi unatosha: "Dada, shikamoo. Kamera ile imepata kasoro ya shata, nimekutumia video na namba yake. Naomba uwaandikie duka kwa barua pepe uliyonunulia, kwa sababu mimi hawatanijibu."

Kamera za Japani zina mtego wake. Bodi nyingi za Sony zilizouzwa kwa soko la Japani zina menyu ya Kijapani pekee, bila njia rasmi ya kuibadilisha. Ukikuta hivyo, ujue pia waranti yake ni ya huko.

Dubai inahitaji umakini wa namna nyingine. Dai kadi ya waranti yenye muhuri, tarehe na namba ya seriali palepale kaunta, na ulinganishe namba hiyo na ya boksi na ya bodi. Zipo seti zinazofunguliwa, lenzi ikauzwa peke yake, na bodi ikapewa boksi lisilo lake. Namba zikitofautiana, kituo cha huduma kina sababu ya kukukataa.

Kabla ya kukata tamaa kwa sababu muda umepita, ingia kwenye tovuti ya kampuni utafute matangazo ya huduma kwa modeli yako. Mwaka 2014 Nikon ilikubali kubadilisha shata za D600 bila malipo kwa sababu ya madoa kwenye sensa, hata kwa kamera ambazo waranti ilikuwa imeisha. D750 nayo ilipata tangazo kuhusu shata, na unaweza kuiangalia kwa namba ya seriali. Wanunuzi wengi wa kamera zilizotumika hawajui kabisa kwamba matengenezo ya aina hiyo yapo.

Piga hesabu kabla ya kutuma

Waranti ya bure ina gharama zake: kusafirisha kwenda, mara nyingi kurudi pia, bima ya mzigo, na wiki ambazo kamera haifanyi kazi. Tuseme fundi wa Kampala anataka shilingi 350,000 kubadilisha utepe wa lenzi, na kampuni ya kusafirisha inataka 300,000 kila upande. Hapo waranti imekushinda. Lakini kama ubao mkuu umekufa na bodi ni ya shilingi milioni 7, tuma. Uliza pia Nairobi, ambako soko la kamera ni kubwa zaidi. Mzigo unaweza kwenda na basi kupitia Busia au Malaba kwa gharama ndogo kuliko ndege. Na kama ndugu anasafiri kwenda nchi kamera ilikonunuliwa, abebe yeye. Hiyo ndiyo njia ninayoipenda zaidi.

Kama ulilipa kwa kadi ya benki au PayPal na muuzaji anakuzungusha, angalia tarehe. PayPal hukubali malalamiko ndani ya siku 180 tangu ulipe, na kwa kadi muda mara nyingi ni siku 120. Muuzaji anayekuambia "subiri wiki mbili" kila mara anaweza kuwa anausubiri muda huo uishe.

Kuandika dai na kufunga mzigo

Barua iwe fupi. Tarehe ya ununuzi na namba ya risiti, modeli na namba ya seriali, kosa kwa sentensi mbili, majaribio uliyofanya (betri, kadi, lenzi nyingine, kurejesha mipangilio ya mwanzo, programu ya kamera kusasishwa), kiungo cha video, na unachotaka: kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa pesa. Usieleze jinsi ulivyopoteza kazi ya kwanjula, haitawasaidia kuamua. Omba namba ya kesi na usitume chochote kabla hujaipata.

Ukifunga, toa betri, kadi, mkanda na kichujio. Kamera itume bila betri, kwa sababu betri za lithiamu zina masharti makali kwenye ndege, na iliyovimba haipokelewi kabisa. Anayesafiri nayo abebe betri za akiba kwenye begi la mkononi. Piga picha ya kila kitu kabla ya kufunga.

Jambo ambalo watu hulisahau ni karatasi za URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Kabla kamera haijatoka, mwambie wakala wa forodha aisajili kama bidhaa inayotoka kwa muda kwenda kutengenezwa, namba ya seriali ikiwa imeandikwa. Bila hati hiyo, ikirudi inaweza kuhesabiwa kama umeagiza kamera mpya, na VAT pekee ni asilimia 18. Waambie pia wa ng'ambo waandike kwenye ankara ya kurudisha kwamba ni mali yako iliyotoka kutengenezwa.

Ukiamua fundi wa hapa

Fundi mzuri hataudhika ukimwambia: "Fundi, kabla hujafungua, tuandike namba ya bodi na ya lenzi, na kile utakachobadilisha nitaomba nikichukue." Uliza kipuri kinatoka wapi, vingi hutolewa kwenye kamera zilizokufa, na hilo si baya mradi bei iseme hivyo. Lipa kiasi, malizia baada ya majaribio.

Na kama uliinunua dukani hapahapa Uganda, una sheria ya 2017 ya uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma, inayomtaka muuzaji atoe bidhaa yenye ubora unaofaa. Dai lisilozidi shilingi milioni 10 linaweza kupelekwa kwenye utaratibu wa mahakama wa madai madogo, na huhitaji wakili. Nenda na risiti, video, na barua uliyomwandikia muuzaji pamoja na jibu lake.

Kamera ikirudi, kutoka kokote, linganisha namba ya seriali kabla hujasaini kuipokea. Kisha siku hiyohiyo rudia jaribio lile lile lililoonyesha kosa, ongeza picha mia mbili mfululizo na video ya nusu saa, na uweke ripoti ya matengenezo pamoja na risiti ya awali, kwa sababu vituo vingi hutoa dhamana ya muda kwa kazi yao na tarehe yake huanza hapo.